Tiki ya Mwakyusa Isiangukie kwa Mwakalinga

Machi 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani, yaani dola 10 kwa kilo, kwa mara ya kwanza katika historia ya zao hilo. Imepanda na kushuka tangu hapo, lakini wilaya ya Kyela, ambayo ndiyo inayoongoza kwa kakao nchini, ilijifunza jambo ambalo halitasahaulika haraka: kosa dogo la kuandika lina gharama. Karani akiandika 45.7 mahali pa 47.5, amemwondolea mkulima karibu kilo mbili, na kwa bei ile kilo mbili ni sare ya shule ya mtoto.

Ninayemwandikia hapa ni kijana wa Mwaya, Ipinda au Matema aliyesomea kompyuta, akarudi nyumbani, na chama cha msingi kikamwambia: tutengenezee kitu tuachane na daftari. Namwandikia pia meneja wa chama hicho cha msingi, yaani AMCOS, atakayeletewa kitu hicho akikague. Sizungumzii MUVU, ule mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, wala mnada wa Soko la Bidhaa, TMX. Nazungumzia kumbukumbu ya ndani ya chama: nani kaleta kilo ngapi, unyevu ulikuwa kiasi gani, stakabadhi namba ngapi, kalipwa au bado. Karibu kila chama kinachoanza kutumia kompyuta huomba ukurasa wa namna moja: majina ya wanachama yameshuka chini kama leja, kila mstari una visanduku vya kujaza, na chini kabisa kuna kitufe kimoja cha Hifadhi. Karani arekebishe watu thelathini, abonyeze mara moja, amalize.

Ombi hilo ni la haki kabisa. Kumfungulia karani ukurasa mpya kwa kila mwanachama, kwa mtandao wa pembezoni mwa Ziwa Nyasa, ni kumtesa. Lakini ukurasa huo ndio mahali ambapo mifumo midogo huharibika, na huharibika kimya kimya, bila tangazo la kosa, mpaka siku ya malipo.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, uliza kama rekodi hizo zina haja ya kubadilishwa moja moja. Bei ni mfano mzuri. Shehena moja ikishauzwa mnadani ina bei moja. Fundi asiyefikiri sana anaweka safu ya bei katika kila rekodi ya mapokezi, halafu anahangaika namna ya kuwajazia watu 260 kwa mkupuo. Bei haikai kwenye gunia la mtu, inakaa kwenye mnada. Tengeneza jedwali la minada, andika bei humo mara moja, na kila pokezi libebe namba ya mnada wake tu. Bei ikikosewa, unaisahihisha mahali pamoja na watu wote 260 wamesahihishwa. Edgar Codd alipochapisha mwaka 1970 makala yake kuhusu majedwali yanayohusiana, hii ilikuwa mojawapo ya shida alizotaka kuzimaliza: jambo moja likiandikwa mahali pengi, ipo siku mahali pamoja patasahaulika, na hapo hifadhidata itakuwa na majibu mawili kwa swali moja.

Zipo nyakati ambapo thamani moja kweli inatakiwa kwenda kwenye rekodi nyingi, kwa mfano kuwaweka wanachama wote wa shehena fulani kwenye orodha ya malipo ya Ijumaa. Hapo huhitaji fomu ya mistari, unahitaji amri moja yenye sharti. Sharti likisahaulika, amri ya UPDATE haikuulizi, inabadilisha jedwali lote, pamoja na misimu iliyopita. Kwa hiyo kwanza hesabu: tumia sharti lile lile kuuliza ni rekodi ngapi zitaguswa na jumla ya kilo zake, umwonyeshe karani, akubali ndipo uendelee. Ukifanya kazi moja kwa moja kwenye MySQL, ifungue kwa chaguo la --safe-updates, nayo itakataa amri isiyo na sharti.

Sasa tuje kwenye kilo, ambazo kila mtu ana zake. Hapa fomu ya mistari mingi haikwepeki, na swali la kwanza ni utambulisho. Kyela majina ya ukoo mengi yanaanza na Mwa-. Orodha ikipangwa kwa alfabeti, Mwaipopo anafuatwa na Mwakalinga, anafuatwa na Mwakyusa, na Mwakyusa mwingine chini yake ambaye ni binamu. Jina haliwezi kuwa kitambulisho. Namba ya simu nayo haifai, maana mama na mwanawe hutumia laini moja, na laini zenyewe hubadilishwa. Kila rekodi iwe na namba yake iliyotolewa na hifadhidata, isiyo na maana nyingine yoyote na isiyobadilika milele.

Namba hiyo lazima iende na kila kisanduku cha fomu. Nitaeleza kosa hili kwa kirefu kwa sababu nimeona mafundi wazuri wakilifanya. Tuseme umeviita visanduku vyote vya kilo kilo[] na visanduku vyote vya kutiki kalipwa[], ukitegemea kwamba vitafika kwa mpangilio ule ule vilivyopangwa kwenye kioo. Mwaipopo ana kilo 47.5 na katikiwa. Mwakalinga ana 62, hajatikiwa. Mwakyusa ana 38, katikiwa. Karani anabonyeza Hifadhi. Kilo zinafika seva zote tatu. Tiki zinafika mbili tu, kwa sababu kivinjari hakitumi kabisa kisanduku ambacho hakikutikiwa, hakisemi hata "hapana". Programu inapanga kilo ya kwanza na tiki ya kwanza, kilo ya pili na tiki ya pili. Tiki ya Mwakyusa imemwangukia Mwakalinga. Sasa Mwakalinga, ambaye hajaona hata senti, kumbukumbu inasema kalipwa, na Mwakyusa aliyekwisha kulipwa yuko njiani kulipwa mara ya pili. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Ukijaribu mwenyewe ofisini ukiwa umetiki wote, kila kitu kinaonekana sawa.

Dawa ni kukipa kila kisanduku namba ya rekodi yake ndani ya jina lake: kilo[2318], kalipwa[2318]. Kabla ya kila kisanduku cha kutiki weka sehemu iliyofichwa yenye jina lile lile na thamani sifuri. Kisipotikiwa, sifuri inafika. Kikitikiwa, moja inaifuata sifuri na PHP inachukua ya mwisho. Kwa njia hii mpangilio hauna kazi tena. Hata ukipanga orodha upya kwa kijiji badala ya jina, kila thamani inakwenda kwa mwenyewe.

Jambo la pili ndilo ninaloliona kuwa moyo wa shughuli nzima. Fomu isihifadhi ilichoonyesha, ihifadhi kile karani alichobadilisha. Ukurasa una wanachama hamsini na karani kagusa watatu. Programu ya kivivu inaandika upya wote hamsini. Utasema, kuna ubaya gani, si zile zile? Ubaya ni kwamba wakati karani wa ofisini ameacha ukurasa wazi akaenda kula, mwenzake wa ghalani, kwa simu yake, amesahihisha kilo za mwanachama wa arobaini. Yule wa ofisini anarudi, anarekebisha watatu wake, anabonyeza, na kilo za zamani za yule wa arobaini zinarudi juu ya zile mpya. Hakuna aliyekosea, ila kazi ya mtu imepotea.

Kwa hiyo kila rekodi ipewe safu ya toleo, namba inayopanda kwa moja kila rekodi inapobadilishwa. Fomu ibebe toleo ililolisoma. Wakati wa kuhifadhi, seva ilinganishe kila mstari na ulivyo sasa kwenye hifadhidata, iache ambayo haikubadilika, na kwa iliyobadilika iseme hivi:

UPDATE mapokezi
SET kilo = 47.5, toleo = 4
WHERE id = 2318 AND toleo = 3 AND chama_id = 9;

Amri hii inasema: badilisha pokezi namba 2318 ikiwa bado liko kama nilivyoliona, na ikiwa ni la chama hiki. Kisha uliza ni rekodi ngapi zimebadilika. Ikiwa jibu ni sifuri, kuna mtu amekutangulia. Usilazimishe. Mrudishie karani ukurasa wake, umwonyeshe thamani tatu: aliyoikuta mwanzo, aliyoandika yeye, na aliyoandika mwenzake, kisha yeye ndiye aamue, ikibidi kwa kupiga simu ghalani. Usiache toleo bila kupandisha. MySQL kwa kawaida huhesabu rekodi zilizobadilika kweli, si zilizopatikana, na ukiandika thamani ile ile bila kupandisha toleo utapata sifuri ukadhani kuna mgongano.

Hilo la chama_id limo kwa makusudi. Namba zilizo kwenye fomu ziko mikononi mwa anayeitumia, na mwenye ujuzi mdogo tu wa kivinjari anaweza kubadilisha 2318 kuwa 2319 kabla ya kutuma. Ruhusa haikaguliwi mara moja mlangoni, inakaguliwa kwa kila mstari, upande wa seva. Thamani zenyewe zipelekwe kwa amri zilizoandaliwa, ambapo amri na data husafiri mbalimbali, badala ya kuunganisha maneno. Mbali na usalama, siku mwanachama anayeitwa Ng'wandu atakapojiunga, ile alama ya ng' itavunja amri iliyounganishwa kwa mkono, na kwa Kiswahili majina ya ng' hatuyakimbii.

Mistari mitatu au thelathini inaandikwa na amri tatu au thelathini. Umeme ukikatika baada ya kumi na saba, je? Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na kati ya Machi na Mei, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zikijaa, si umeme wala mtandao unaobisha hodi kabla ya kuondoka. Amri zote za ukurasa mmoja zifungwe ndani ya muamala mmoja: ama zote zimeandikwa, ama hakuna hata moja. Jim Gray, aliyepata Tuzo ya Turing mwaka 1998, alifanya kazi kubwa ya kuweka msingi wa jambo hili, na leo tunalipata kwa maneno mawili matatu ya programu. Lakini hakikisha majedwali yako yanalikubali. MySQL ilianza kutumia InnoDB kama chaguo la kawaida kuanzia toleo la 5.5 mwaka 2010. Majedwali ya MyISAM yaliyorithiwa kutoka mfumo wa zamani hupokea amri ya kurudi nyuma na hayarudishi chochote.

Kuna wanaouliza kama mstari mmoja mbovu uangushe mingine ishirini na tisa. Naona uangushe, kwa sababu jumla ya ukurasa inatakiwa kulingana na karatasi ya ghala, na nusu ya ukurasa hailingani na chochote. Ila kagua alichoandika karani mapema: pima mistari yote kwanza, na ukikuta kosa mrudishie ukurasa ukiwa na kila alichoandika, mstari mbovu umepakwa rangi na sababu imeandikwa kando yake kwa Kiswahili. Kumfutia mtu kazi ya nusu saa kwa sababu ya nukta moja kunamrudisha kwenye daftari, na ana haki.

Kuna kikomo kimoja ambacho watu wengi hawakijui mpaka kiwaume. PHP, kwa mpangilio wake wa kawaida, inapokea thamani 1,000 tu kwa fomu moja. Chukua chama cha wanachama 260, kila mstari una kilo, unyevu, namba ya stakabadhi na toleo. Hizo ni thamani 1,040. Seva inapokea 1,000 za mwanzo, inaandika onyo kwenye faili la kumbukumbu ambalo hakuna anayelisoma, na 40 za mwisho inazitupa. Wanachama kumi wa mwisho kwenye orodha hawahifadhiwi, wiki baada ya wiki, wale wale kumi. Mmoja wao atakuja ofisini kulalamika, ataambiwa kilo zake ziliandikwa mbele ya macho yake, na kweli ziliandikwa. Django nayo ina kikomo hicho hicho cha 1,000, lakini yenyewe inakataa fomu nzima kwa kelele, na katika hili nasimama upande wa Django. Kikomo kinaweza kupandishwa, jina lake ni max_input_vars. Mimi napendelea kugawa orodha kwa kurasa za watu 30 hadi 50, au kuandika programu kidogo upande wa kivinjari itume mistari iliyobadilika tu. Zaidi ya yote, seva ihesabu mistari iliyopokea na kulinganisha na idadi iliyoandikwa mwishoni kabisa mwa fomu. Idadi hiyo isipofika, kata muamala.

Mtandao ukiwa mzito, karani atabonyeza Hifadhi mara mbili. Hilo halizuiliki kwa kumsihi. Ukiwa unaandika thamani kamili, kilo ziwe 47.5, kubonyeza mara mbili hakuna madhara, na toleo litaikataa ya pili. Madhara yapo pale programu inapojumlisha: kilo ziwe zile zilizokuwepo ongeza 47.5. Usijumlishe kamwe kutoka kwenye fomu. Mwanachama akileta mzigo wa pili, huo ni uzani mpya wenye rekodi yake, tarehe yake na mzani wake, na jumla inapatikana kwa kuhesabu. Fomu ya uzani mpya ipewe alama ya kipekee iliyofichwa, na hifadhidata ikatae alama hiyo kuonekana mara mbili.

Kuhusu namba zenyewe, maneno machache yanatosha. Kilo zihifadhiwe kama DECIMAL, si FLOAT, kwa sababu FLOAT haiwezi kushika hata 0.1 kwa usahihi, na ukijumlisha mamia ya mizigo tofauti inajitokeza mbele ya mkaguzi. Wengine huandika 47,5 na wengine 47.5. Amua moja, na nyingine ikiandikwa mwulize karani, usikisie. Karani akisahau nukta akaandika 475, mfumo umwulize kama kweli mwanachama huyu, ambaye mizigo yake haijawahi kuzidi kilo 80, leo kaleta zaidi ya mia nne. Umwulize tu, usimzuie. Huenda kaleta.

Kila badiliko liache alama. Pembeni ya jedwali la mapokezi weka jedwali la historia: rekodi gani, ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi, nani kabadilisha, lini, kwa sababu gani. Liandikwe ndani ya muamala ule ule, ili kusiwe na badiliko lisilo na alama wala alama isiyo na badiliko. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, akija kuuliza kwa nini mapokezi ya Jumanne hayalingani na stakabadhi ya ghala, swali hilo lijibiwe kwa kusoma ukurasa, bila kumkalisha karani kitako na kumhoji kama mshukiwa. Ukiwa karani mwaminifu, historia hiyo ndiyo ngao yako, na ningeidai hata kama fundi ameisahau.

Ukurasa wa watu hamsini pia ni ukurasa wa siri za watu hamsini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na chama cha msingi nacho kinahusika. Karani anayesahihisha kilo hahitaji kuona namba ya akaunti ya benki wala namba ya NIDA. Zisiwepo kwenye ukurasa huo, hata kwa kufichwa, kwa kuwa kilichofichwa kwenye fomu kinasomeka na yeyote anayejua kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya.

Kabla hujamkabidhi meneja, ufanyie mfumo ukatili. Fungua ukurasa ule ule kwenye vivinjari viwili na ubadilishe mwanachama mmoja pande zote. Chomoa waya wa mtandao katikati ya kuhifadhi. Ondoa tiki kwa mtu wa katikati pekee. Ingiza wanachama 300 wa kubuni uone kama wa mwisho anahifadhiwa. Badilisha namba ya rekodi kwa mkono iwe ya chama kingine. Meneja asiye fundi anaweza kuyafanya majaribio haya yote isipokuwa hilo la mwisho, na ayafanye mbele ya bodi.

Ukishayapita, bado yuko mkaguzi mmoja ambaye hakuna programu inayomzidi, naye ni mwenye kakao. Mtumie ujumbe wa simu kila kilo zake zinapobadilika, wala si zinapopokelewa tu. Ujumbe wa kawaida unabeba herufi 160, na Kiswahili kinaingia humo bila shida: "Pokezi 2318: kilo zimesahihishwa kutoka 45.7 kuwa 47.5. Sababu: kosa la kuandika. Ukiwa na swali fika ofisini kabla ya Ijumaa." Tarehe hiyo ya mwisho iwe kabla ya orodha ya malipo kwenda benki, na ofisi iwe na mtu siku hiyo.